Jinsi ya Kuanza Safari ya Uuguzi Baada ya Kidato cha Nne: Mwongozo Kamili kwa Mwombaji wa Tanzania

Vijana wanaotaka kuwa wauguzi hukwama katika sehemu zilezile mwaka baada ya mwaka. Wapo wanaotuma maombi ya chuo ilhali hawana ufaulu wa Fizikia, kisha wanashangaa majina yao hayatoki. Wapo waliopata nafasi na kulipa ada, lakini wakaacha masomo mara tu walipopelekwa wodini, kwa sababu hawakuwahi kukaa karibu na mgonjwa asiyeweza kujisafisha mwenyewe. Na wapo, kwa masikitiko makubwa, waliotoa fedha za mzazi kwa chuo kisicho na usajili.

Mwongozo huu unafuata njia ya stashahada ya uuguzi na ukunga ya miaka mitatu Tanzania Bara, kwa kuwa ndiyo njia ya wengi. Aliyemaliza kidato cha sita na kulenga shahada ataomba moja kwa moja katika vyuo vikuu kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, lakini hatua tatu za kwanza zinamhusu sawasawa.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Matokeo ya kidato cha nne pamoja na namba kamili ya mtihani, yaani ile inayoanza na S kwa mtahiniwa wa shule au P kwa mtahiniwa wa kujitegemea, ikiwa na mwaka wa mtihani.
- Cheti cha kuzaliwa ambacho majina yake yanafanana herufi kwa herufi na majina yaliyo kwenye cheti cha shule. Majina yakitofautiana, anza kulishughulikia leo, kwa sababu kazi hiyo huchukua muda kuliko watu wanavyodhani.
- Namba ya NIDA, ikiwa umeshafikisha umri wa kuipata.
- Namba ya simu na anwani ya barua pepe ambazo ni zako mwenyewe na utakazoendelea kuzitumia.
- Daftari gumu la kurasa nyingi na kalamu.
- Saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Saa ya bei nafuu inatosha. Simu haifai, kwa kuwa huwezi kuishika wodini kwa mikono inayohudumia mgonjwa.
- Viatu vilivyofunika vidole, vyenye soli isiyoteleza na vinavyoosheka.

## Hatua ya 1: Andika sababu yako, kisha ipime kwa watu wanaoifanya kazi

Fungua ukurasa wa kwanza wa daftari na uandike kwa nini unataka uuguzi. Andika ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba baba amesema nesi hakosi kazi. Sababu ya kipato si ya aibu, lakini wahitimu wengi wa kada za afya sasa husubiri ajira za serikali kwa muda mrefu, hivyo anayeingia kwa sababu hiyo peke yake atakuwa amejenga juu ya kitu ambacho hakuna anayeweza kumhakikishia.

Baada ya kuandika, tafuta wauguzi watatu wanaofanya kazi katika mazingira tofauti: mmoja wa zahanati ya kijijini au ya mtaani, mmoja wa wodi ya hospitali kubwa, na mmoja ambaye kazi yake ya kila siku ni chumba cha kujifungulia. Sababu ya kutafuta watatu ni kwamba kazi zao zinatofautiana sana. Muuguzi wa zahanati anaweza kuwa peke yake kituoni usiku mzima, akipokea mama mwenye uchungu na mtoto mwenye degedege kwa wakati mmoja, ilhali wa hospitali kubwa ana wenzake na daktari karibu, lakini ana wagonjwa wengi zaidi ya mikono yake.

Usiwaulize kama wanaipenda kazi, kwa sababu watakujibu kwa adabu. Waulize mambo yanayojibika: zamu ya usiku inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi? Jambo gani liliwafanya watake kuacha, na nini kiliwarudisha? Mgonjwa au ndugu yake akiwatukana, wanafanya nini? Shikamoo yako iwe ya kweli, uende wakiwa wametoka zamu na si katikati ya foleni, na uandike majibu yao siku hiyohiyo.

Neno moja kwa vijana wa kiume: ukunga ni sehemu ya mafunzo haya, na utajifunza kuzalisha sawa na wenzako wa kike. Ikiwa jambo hilo linakupa mashaka, lizungumze sasa na muuguzi mwanaume aliyelipitia. Heshima, ruhusa ya mama, pazia lililofungwa na maneno machache ya upole ndiyo yaliyowawezesha wanaume wengi kuifanya kazi hiyo vizuri na kupendwa na akina mama.

Umefanikiwa katika hatua hii ukiweza kurudi kwenye ukurasa wa kwanza na kuandika upya sababu yako ikiwa imebeba angalau jambo moja gumu ulilolisikia, na bado ukaitaka kazi.

## Hatua ya 2: Ione kazi kwa macho yako

Maneno hayatoshi. Msukumo unaodumu hutokana na kuona mtu akihudumiwa na wewe ukiwa karibu, na ndiyo maana naiona hatua hii kuwa muhimu kuliko zote. Kwa bahati mbaya, ndiyo inayorukwa zaidi.

Andika barua fupi ya kuomba kujitolea kwa muda maalumu, ipitishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mtendaji wa kijiji ili kituo kijue unatoka wapi, kisha ipeleke kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Taja siku unazopatikana. Ukikataliwa, omba kwa heshima uelekezwe kituo kingine, kwa kuwa vituo vingine vina wanafunzi wengi tayari. Unaweza pia kujiunga na tawi la Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, ambako vijana hufundishwa huduma ya kwanza, au kuongozana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapotembelea kaya, akikubali.

Mahali pazuri pa kuanzia ni kliniki ya mama na mtoto. Kuna kazi nyingi ambazo mtu asiye na mafunzo anaweza kusaidia bila kuhatarisha mtu: kupanga kadi, kumsaidia mama kumvua mtoto nguo kabla ya kupimwa uzito, kuwaelekeza wazee mahali pa kukaa, kufuta meza na kuchota maji ya kunawa. Huku ukifanya hayo, tazama jinsi muuguzi anavyomsemesha mama mwenye hofu na jinsi anavyogundua, katikati ya watoto wengi, yule mmoja aliyelegea.

Tahadhari. Usichome sindano, usitoe dawa na usifunge kidonda, hata ukiambiwa ni jambo dogo na hata anayekuambia akiwa ni mtumishi. Huna mafunzo wala leseni, na mgonjwa hajui kwamba wewe si muuguzi. Usiguse sindano iliyotumika wala boksi la usalama linalotumika kuzitupia. Usipige picha ndani ya kituo. Na usilitoe nje jambo lolote ulilosikia kuhusu mgonjwa, hata kwa mama yako, kwa sababu katika kijiji kimoja hata kusema tu kwamba fulani alikuwa kliniki kunaweza kumharibia mtu maisha.

Ulizia pia chanjo ya homa ya ini aina ya B. Hutolewa kwa dozi tatu, ya pili ikifuata mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza, hivyo anayesubiri mpaka afike chuoni huingia wodini kinga yake ikiwa bado haijakamilika.

Utajua kazi inakufaa pale ambapo harufu, damu au kilio kimekutikisa na bado ukarudi siku iliyofuata. Kutikisika si dalili ya kushindwa. Wauguzi wazoefu nao hutikisika. Dalili ya kuangalia ni kama ulipotikisika ulimtazama mgonjwa au uliutazama mlango.

## Hatua ya 3: Anza mafunzo ya awali ukiwa nyumbani

Kati ya matokeo ya mtihani na kufunguliwa kwa chuo kuna miezi kadhaa, na wengi huipoteza. Kuna stadi nne unazoweza kuzijenga bila kifaa chochote cha hospitali, na mwanafunzi aliye nazo huonekana tangu wiki ya kwanza.

Kunawa mikono. Kunawa kwa maji tiririka na sabuni kunatakiwa kuchukua sekunde 40 hadi 60 kwa ujumla. Sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, migongo ya vidole, vidole gumba kwa kuvizungusha, kisha ncha za vidole na kucha kwenye kiganja. Sehemu zinazosahaulika zaidi ni vidole gumba na ncha za vidole, ambazo ndizo zinazomgusa mgonjwa zaidi. Fanya hivyo kila siku mpaka mikono ipite mpangilio wote bila wewe kuufikiria. Kucha ziwe fupi, bila rangi.

Kupima mapigo na upumuaji. Mkalishe ndugu yako mzima wa afya, apumzike dakika chache. Weka ncha za kidole cha shahada na cha kati upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake, chini ya kidole gumba, ukibonyeza kidogo tu. Usitumie kidole gumba chako, kwa kuwa kina mapigo yake mwenyewe na utajihesabu wewe. Hesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika.

Kisha, bila kuuachia mkono wake, tazama kifua kikipanda na kushuka, uhesabu dakika nyingine. Usimwambie kwamba sasa unahesabu pumzi, kwa sababu mtu akijua anaangaliwa anavyopumua hubadilisha upumuaji. Kwa mtu mzima kawaida ni 12 hadi 20. Watoto hupumua haraka zaidi, na wahudumu hutumia mipaka ifuatayo kusema mtoto anapumua haraka kupita kiasi: pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kuanzia miezi miwili hadi kumi na moja, na 40 au zaidi kuanzia mwaka mmoja hadi mitano. Ukikuta hali hiyo mtaani, kazi yako ni moja tu: kumhimiza mzazi ampeleke mtoto kituoni sasa hivi. Usimpe jina la ugonjwa wala dawa.

Hesabu za dawa. Hapa ndipo wengi hulia mwaka wa kwanza, ingawa hesabu zenyewe ni za kugawanya na kuzidisha. Anza na vipimo: gramu 1 ni miligramu 1,000, na lita 1 ni mililita 1,000. Kisha jifunze kanuni moja: gawanya kiasi kilichoandikwa kwa kiasi kilichomo, halafu zidisha kwa ujazo. Dawa ya maji ya parasetamoli ikiwa na miligramu 120 katika kila mililita 5, na mtoto akaandikiwa miligramu 180, basi 180 gawanya kwa 120 ni 1.5, zidisha kwa 5 unapata mililita 7.5.

Dripu nayo ina kanuni yake: ujazo zidisha kwa idadi ya matone yanayounda mililita moja, kisha gawanya kwa dakika. Mililita 1,000 zinazotakiwa kuisha kwa saa 8, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa mililita, ni 20,000 gawanya kwa 480, yaani takriban matone 42 kwa dakika. Kosa la kawaida ni kusahau kugeuza saa kuwa dakika, na jibu linakuwa 2,500. Jizoeze kujiuliza kila mara kama jibu lako linawezekana kwa mtu halisi aliyelala kitandani, kwa sababu swali hilo ndilo litakalomwokoa mgonjwa siku ambayo umechoka.

Kuandika ulichoona. Muuguzi anayekuja zamu ya usiku hategemei kumbukumbu yako. Anategemea maandishi yako. Sentensi kama "mgonjwa anaendelea vizuri" haimsaidii. Andika: "Saa 2 asubuhi amekunywa uji nusu kikombe, ametapika mara moja, anajibu anapoitwa, analalamika maumivu ya tumbo upande wa kulia." Kila jioni chagua jambo moja uliloliona, uliandike hivyo, ukitaja saa, kiasi na maneno ya mhusika mwenyewe. Liandike kwa Kiingereza, kwa kuwa chuoni utafundishwa na kutahiniwa kwa lugha hiyo, kisha lieleze kwa Kiswahili chepesi kama unamwambia bibi yako. Utazihitaji lugha zote mbili kila siku, moja kwenye faili na nyingine kando ya kitanda.

## Hatua ya 4: Hakiki sifa zako bila kujidanganya

Sifa ya kuingia stashahada ya uuguzi na ukunga ni ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, na miongoni mwake lazima ziwepo Kemia, Biolojia na Fizikia. Alama D inahesabika kuwa ufaulu. Hisabati na Kiingereza ni nyongeza inayokuweka mbele ya wenzako nafasi zinapokuwa chache. Kwa vile masharti hutolewa upya kila mwaka, pakua kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, cha mwaka unaoomba na usome ukurasa wa kozi yako mwenyewe, badala ya kuegemea maelezo ya rafiki aliyeingia zamani.

Ukikosa somo moja kati ya yale matatu, njia ya uhakika ni kulirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea katika mtihani wa Baraza la Mitihani. Mwaka unaotumika kurudia Fizikia haujapotea. Uliopotea ni ule unaotumika kusoma kozi fupi uliyoahidiwa kwamba "itakuunganisha" na uuguzi, kisha ukagundua kwamba haitambuliwi popote.

## Hatua ya 5: Chagua chuo kwa kuangalia wodi kabla ya majengo

Thibitisha kwanza kwamba chuo kina usajili wa NACTVET na kwamba kozi yenyewe ya uuguzi na ukunga imeidhinishwa pale, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na usajili wa kozi nyingine tu.

Baada ya hapo uliza wanafunzi wanafanyia wapi mafunzo kwa vitendo. Uuguzi hujifunzwa kwa mikono, na chuo chenye madarasa mazuri lakini kinachogombania hospitali moja na vyuo vingine kitakupa muda mchache wa kumgusa mgonjwa. Vyuo vilivyojengwa ubavuni mwa hospitali, kama vya Ndanda, Mvumi au Haydom, vina faida hiyo: wodi ipo hatua chache kutoka bwenini. Mwulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu amesaidia kuzalisha akina mama wangapi. Jibu lake litakueleza zaidi ya tangazo lolote.

Mwisho, omba gharama zote kwa maandishi: ada, malazi, chakula, sare, vifaa, bima, mitihani na nauli za vituo vya vitendo. Bodi ya Mikopo sasa hutoa mikopo kwa baadhi ya kozi za stashahada, lakini si kila kozi ya afya inaingia, hivyo soma mwongozo wa mwaka husika kabla ya kuuhesabu mkopo katika bajeti ya familia.

## Hatua ya 6: Tuma maombi mwenyewe

Maombi ya kozi za afya Tanzania Bara hupitia mfumo wa pamoja wa udahili wa NACTVET mtandaoni. Ukienda kwa mwenye duka la intaneti, kaa wewe kwenye kiti, andika wewe namba yako ya mtihani, na uondoke na nywila yako. Waombaji wengi hupoteza nafasi kwa sababu akaunti ilifunguliwa kwa simu ya mtu mwingine na ujumbe wa kuthibitisha ukaishia huko.

Panga machaguo yako kwa hekima: usijaze vyuo maarufu vitupu ikiwa ufaulu wako ni wa D. Lipa kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo au chuo, na kamwe usitume fedha kwa namba ya simu ya mtu binafsi anayedai anaweza "kukusogeza". Hatua hii imekamilika pale jina lako linapoonekana katika orodha ya waliochaguliwa, ukalithibitisha ndani ya muda uliowekwa, na ukawa na fomu ya kujiunga mkononi pamoja na fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na daktari.

## Hatua ya 7: Vuka muhula wa kwanza

Utaanza darasani na katika chumba cha mazoezi chenye sanamu za wagonjwa kabla ya kupelekwa wodini. Ukifika wodini, wahi makabidhiano ya zamu, kwa kuwa pale ndipo wodi nzima hufunzwa kwa dakika chache. Jitambulishe kwa kila mgonjwa kwa jina na kwamba wewe ni mwanafunzi. Kitabu chako cha vitendo kisainiwe siku hiyohiyo. Msimamizi hatasaini alichokisahau.

Usiposikia maelekezo ya dawa, uliza tena. Aibu ya kuuliza mara mbili ni ndogo mno ukiilinganisha na dozi iliyokosewa.

Ukijichoma na sindano iliyotumika, osha mara moja kwa maji mengi na sabuni, usiminye kidonda, na mwambie msimamizi papo hapo. Dawa za kinga dhidi ya VVU hazina budi kuanza mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Wanafunzi huficha ajali hizi kwa kuogopa kugombezwa, na nawasihi kwa moyo wote: mgombezwe.

Kifo cha kwanza kitakuja pia. Usaidie kuusitiri mwili kwa heshima ukiombwa, kisha zungumza na mkufunzi au mwenzako kabla ya kulala. Anayekaa kimya mara nyingi ndiye anayeacha chuo.

Mwisho wa muhula, mwanafunzi anayeendelea vizuri anaweza kutandika kitanda chenye mgonjwa ndani yake bila kumwumiza, kupima na kuandika joto, mapigo, upumuaji na shinikizo la damu kwa usahihi, na kutoa taarifa mara tu namba moja inapotoka nje ya kawaida. Hifadhi matokeo ya kila muhula na vitabu vyako vya vitendo mahali pakavu, maana ukihitimu utaomba usajili na leseni kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na bila leseni hiyo hakuna kituo kinachoruhusiwa kukuajiri kama muuguzi.